Shaba Iliyotoka kwenye Kitambaa

Vijana wangu, mkimwona mzee mmoja mwenye upara amesimama mbele ya duka la vyombo pale mjini, anatazama sinia za shaba ya njano na kucheka peke yake, msimwite mlinzi. Ni mimi, Kalenga. Nina sababu zangu, na leo nitawaeleza, maana kila Jumapili baada ya ibada mnaniuliza nilikuwa nafanya kazi gani, na kila nikijibu kwamba nilikuwa natafuta shaba, mnanitazama viatu.

Ni kweli nilikuwa natafuta shaba. Niliitafuta nimeketi kwenye kiti, hapa hapa Durban, katika maabara ndogo iliyokuwa njia ya kushukia bandarini. Makampuni yalituletea mawe kutoka Zambia, kutoka Namibia, kutoka Katanga kwetu. Sisi tuliyasaga, tukachagua punje fulani, tukazipima, kisha tukawaambia wenyewe kama wachimbe au wakalale. Mimi nilikuwa mtu wa kusaga, kuchekecha na kuchagua. Kwa wageni nilijitambulisha kama mtaalamu wa madini. Kwa mke wangu, Mama Odette, nilikuwa mtu anayerudi nyumbani na vumbi masikioni.

Nilianza kazi ile na kiburi kikubwa kuliko elimu. Mimi ni mtoto wa Likasi, mji wa Katanga. Kabla ya kuja huku nilifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha kusafisha mawe ya shaba, mpaka kampuni ilipokwama na mishahara ikawa hadithi. Kwetu shaba unaiona kwa macho. Jiwe likiwa na kile kijani kizuri cha kung'aa, lile linaloitwa malakiti, hata mtoto anayenyonya anajua hapo kuna shaba. Kwa hiyo siku ya kwanza Dokta Shireen, mwenye maabara, aliponiweka mbele ya hadubini na sahani ya punje, akaniambia nimtolee zile za kijani, sikuuliza swali. Nilitoa malakiti yote, punje moja moja, kwa ncha ya kijiti cha mwanzi. Zile nyingine, za kijani kilichofifia, karibu nyeusi, hazina sura wala adabu, nikazifagilia kwenye ndoo ya taka. Kisha nikampelekea sahani kwa mikono miwili kama mtu anayepeleka mahari.

Dokta Shireen alikuwa mama mfupi, Mhindi wa hapa hapa Durban, mtu ambaye hapandishi sauti hata umkanyage. Aliinamia hadubini, kisha akaniuliza ndoo ya taka iko wapi. Mchana mzima tulikaa sakafuni sisi wawili, tukichambua taka kama kuku.

Huko huko sakafuni ndiko alikonifundisha kazi. Malakiti, alisema, ni shaba iliyokwisha kuozeshwa na mvua na hewa. Inasafiri na maji, inakaa popote inapochoka, na ukiifuata inaweza kukupeleka mbali na kwao. Tunachokitaka ni madini yaliyokuwa jirani na shaba ilipokuwa inazaliwa. Moja ni hili la kijani kibaya, kloraiti, laini, lenye magamba kama ya samaki. Maji ya moto yanayobeba shaba yanapopita chini ya ardhi, kloraiti iliyo karibu hubadilika tabia. Magnesiamu inaongezeka ndani yake, chuma kinapungua. Ile iliyo mbali haibadiliki. Basi ukipima kloraiti za mlima mzima, unajua maji ya moto yalipita upande gani, hata kama shaba yenyewe hujaiona. Akasema ukitaka kujua kama kwa fulani kulikuwa na harusi, usimuulize fulani, kawatazame majirani kama walikula.

Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Nilielewa baada ya mwaka.

Niwape na mengine kidogo ya mikononi, maana maneno matupu hayajengi. Ukichagua punje, lowesha ncha ya kijiti kidogo tu. Ukiilowesha sana, punje inang'ang'ania kijiti na haishuki, na utaitikisa mpaka iruke. Usile mezani. Mimi nilikula. Nilikuwa na mkate wangu pembeni, na siku moja nilichagua chembe ya mkate mkavu, nikaipanga pamoja na punje nyingine, nikaimwagia ile gundi inayoganda kuwa kidonge kigumu, nikaing'arisha mpaka ikawa kama kioo. Dokta Shireen akaipeleka kwenye mashine. Mashine ikasema haijawahi kukutana na madini kama hayo. Na mkiwa Durban mwezi wa pili, hewa inapolowa kama nguo ya kuanikwa, msimwage gundi ile kabla hamjakausha chumba, la sivyo itaganda na ukungu ndani, mkose kuona chochote. Hilo nalo nilijifunza kwa njia yangu ya kawaida.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyenishinda: usafi. Kule kiwandani Likasi tulikuwa na msimamizi aliyekuwa akipita asubuhi na kitambaa cheupe, anapangusa kila chombo, na kitambaa kikitoka kichafu unarudishwa nyumbani. Adabu hiyo iliniingia kwenye mifupa. Pale Durban tulikuwa na chekeche za zamani zenye wavu wa shaba ya njano, ile shaba iliyoyeyushwa pamoja na zinki. Nilizikuta zimefubaa, nikaona aibu kwa niaba yao. Kila Ijumaa jioni nilizisugua kwa ndimu, majivu, na zile nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, kisha nikazipangusa kwa kitambaa mpaka ukaweza kunyolea ndevu mbele yake. Wageni wakija, Dokta Shireen aliwapitisha kwenye kona yangu. Nilisimama pembeni na koti langu jeupe, tumbo limetangulia.

Basi, baada ya Kombe la Dunia, vuvuzela zilipokwisha kutupwa, alikuja kwetu msichana wa Kikenya kutoka Kisumu, Achieng', anasomea shahada yake ya pili. Kazi yake ilikuwa kupima kloraiti za kilima kimoja ambacho kampuni ndogo ya utafutaji ilikuwa inakiangalia. Kampuni ndiyo iliyomlipia masomo. Nilipofungua sanduku la kwanza la mawe na kusoma jina la mahali, nilikaa chini.

Kilima kile kiko nyuma ya mashamba ya kwao mama yangu. Tulikiita Kilima cha Upara kwa sababu juu hakina miti, majani tu. Wazee wetu wote walisema kilima chenye upara kina shaba, kwani shaba inaua mizizi ya miti. Mara nyingi ni kweli. Siku hizi nikijitazama kwenye kioo najua kwamba upara peke yake si ushahidi.

Mwakilishi wa kampuni alipokuja kututembelea, akasikia kwamba mimi ni wa kule, alinishika bega. Akasema vipimo vikitoka vizuri watajenga kambi chini ya kilima, watakuwa na maabara ya kusaga mawe pale pale, na mtu wa kuisimamia wameshampata. Akaniangalia. Vijana, mnajua wenyewe miaka ile ilivyokuwa hapa. Ukiwa mgeni ulikuwa unaulizwa dukani, kituoni, hata kwenye foleni ya hospitali, utarudi kwenu lini. Niliondoka Likasi nikiahidi kurudi na kitu mkononi, na kadiri miaka ilivyopita mkono ukiwa mtupu, ndivyo aibu ya kurudi ilivyozidi. Mama yangu alikuwa anazeeka kwenye simu. Sasa nikaahidiwa kazi ya usimamizi, mwendo wa mguu kutoka mlangoni kwake.

Nilisaga mawe yale kwa mapenzi. Nilichekecha kwa mapenzi. Na chekeche, kwa heshima ya kilima chetu, sikungoja Ijumaa. Nilizisugua kila jioni.

Vipimo vya kwanza vilitoka vizuri kupita kiasi. Achieng' alikuwa akipeleka vidonge vyangu kwenye mashine ya leza, ambayo huchoma kitundu kidogo kwenye punje na kusoma moshi wake. Kila alipochoma palikuwa na shaba. Mwakilishi alipiga simu akicheka. Mimi nikampigia mdogo wangu Faustin huko Likasi, nikamwambia amwambie mama narudi, kuna shaba, mimi ndiye nitakuwa mkubwa wa maabara. Mama Odette akaanza kuwaahidi majirani zetu wa mtaa wa Sydenham friji na kabati. Mama wa nyumba ya pili alikuja na futi kupima kama friji itapita mlangoni kwake.

Mtu mmoja tu hakufurahi, na ndiye mwenye kazi yenyewe. Achieng' alikuja kwenye kona yangu, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Alikuwa na tabia ya kukaa juu ya ndoo akiwa na jambo zito. Akaniambia kwamba shaba ipo kila mahali lakini magnesiamu haijabadilika popote. Kloraiti za juu ya kilima ni sawa na za chini, zote zimejaa chuma, kana kwamba maji ya moto hayakupita kabisa.

"Mzee," akasema, "hawa majirani hawakukula."

Nikamwambia kwamba labda kwetu majirani hula kwa siri. Hakucheka. Alikuwa amejaribu jambo lingine: alichukua mchanga mweupe safi kabisa, ule usio na kitu ndani, akaupitisha njia ile ile waliyopita ndugu zake wa kilimani, kusaga, kuchekecha, gundi, kung'arisha. Nao ukatoka na shaba. Maana yake shaba ilikuwa inaingia humu humu ndani ya maabara. Na kama haijulikani inaingia wapi, vipimo vyake vyote ni takataka, na kule chuoni muda wake ulikuwa unakaribia kwisha. Asingeweza kuongezewa. Angerudi Kisumu bila shahada, akawaeleze wazazi waliouza ng'ombe ili asome ile ya kwanza.

Dokta Shireen aliniomba nisaidie kutafuta chanzo. Hakuna mtu aliyewahi kupewa kazi akaifanya kwa bidii kama hiyo. Nilianza na mabomba ya maji, ambayo ni ya shaba nyekundu, nikaamuru tutumie maji ya chupa. Kisha nikazikumbuka sarafu, zile ndogo za rangi ya shaba, nikaweka bakuli mlangoni na kila anayeingia akamwaga mifuko. Nikawavua watu pete. Nikamnyang'anya mlinzi filimbi yake. Nilifikia mahali pa kuandamana na Dokta Shireen mpaka dirishani nikimweleza kwamba upepo wa bahari unakula paa la jirani na kutuletea unga wake, naye akasikiliza mpaka mwisho kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Na kila jioni, kwa kuwa maabara ilikuwa na uchafu wa siri, nilizidisha usafi. Niliongeza ndimu. Nilisugua chekeche mpaka mabega yakauma.

Shaba ikapanda.

Siku moja Achieng' alirudi kwenye ndoo yake na karatasi ya vipimo, amechoka, macho mekundu. Akanionyesha kwamba zinki nayo imo. Shaba ikipanda, zinki inapanda, ikishuka inashuka, na siku zote zinki ni kama nusu ya shaba. Tena leza inapoanza kuchoma zinakuwa nyingi, ikizama ndani ya punje zinapotea. Ziko kwenye ngozi tu, kwenye nyama hazipo. Akaniuliza, "Sasa Mzee, niambie, kwa hii nyumba ni kitu gani kimetengenezwa na shaba na zinki?"

Nilifikiri kwa makini. Nikamjibu kwamba kwa uzoefu wangu wote, tangu Likasi, humu ndani hakuna kitu cha namna hiyo. Nilimjibu huku nimeshika chekeche mkono mmoja na kitambaa mkono wa pili.

Achieng' alikuwa anatazama mikono yangu. Akainuka, akaenda kwenye meza ya chai, akarudi na bakuli la sukari. Akamwaga kijiko cha sukari kwenye chekeche yangu iliyotoka kusuguliwa, akatikisa, akaiweka ile iliyopita chini ya hadubini, akaniachia kiti. Niliinama. Katikati ya sukari palikuwa na vijipande vya njano, vidogo, vinang'aa kama nyota. Nikainua kichwa nikamwambia kwa sauti ya chini, ili wengine wasisikie, kwamba tumepata dhahabu.

Mnacheka. Hata yeye alicheka, maskini, mpaka akashika meza, na nafikiri kilikuwa kicheko chake cha kwanza mwezi ule. Lakini mimi nilipoelewa, sikucheka. Kila nilipousugua ule wavu wa zamani niliulegeza, na unga wake ukaingia katikati ya magamba ya kloraiti, nikaja kuusambaza vizuri juu ya punje nilipokuwa nazing'arisha. Shaba ya Kilima cha Upara ilikuwa imetoka kwenye kitambaa changu. Mgodi ule niliujenga mimi kwa ndimu na majivu, nikauahidi kwa mama yangu.

Nilimkasirikia Achieng'. Niseme ukweli, nilimchukia siku nzima. Ilikuwa rahisi kuliko kuichukia chekeche.

Dokta Shireen alisema liko jambo moja tu la kufanya: kupata vipande vingine vya mawe yale yale, visisagwe wala kuchekechwa, vikatwe kwa msumeno na kupimwa nyama ya ndani. Lakini tulikuwa tumesaga nusu ya kila jiwe, na nusu iliyobaki, kwa desturi yetu, hutupwa nafasi ikijaa. Kutuma watu tena kilimani kungechukua muda ambao Achieng' hakuwa nao. Mwakilishi wa kampuni naye alikuwa anapiga simu kila siku, anasema tumpe vipimo tulivyo navyo, ana wakubwa wanaosubiri, habari za magnesiamu atawaachia wasomi. Dokta akaniuliza kama zile nusu zimeshakwenda jalalani. Nikasema nafasi ilijaa.

Nafasi ilijaa kweli. Ila hazikwenda jalalani. Mawe ya kwetu ningeyatupaje? Niliyabeba nyumbani kidogo kidogo kwenye mkoba, dereva wa teksi akiniuliza kila siku kama namchimbia kaburi mtu, na nikayapanga kuzunguka bustani ya Mama Odette, ile ya lengalenga, yaani mchicha, na matembele, nyuma ya nyumba. Hakuna aliyejua. Ningenyamaza tu, Achieng' angekosa mawe, mwakilishi angechukua vile vipimo vya kitambaa, na kambi ingejengwa.

Nilifika nyumbani nikamkuta mke wangu amepiga magoti bustanini na ndoo ya chokaa. Pasaka ilikuwa inakaribia, na kwetu nyumba yenye heshima haiingii Pasaka na mawe machafu. Alikuwa anayapaka chokaa, moja baada ya jingine, na namba za rangi tulizoziandika juu yake zilikuwa zinazama chini ya weupe. Nilisimama nikiangalia. Nilijiambia kwamba huyu mwanamke ananisaidia bila kujua. Akimaliza safu ile, hata nikitaka kusema, nitakuwa sina cha kusema.

Kisha nikamweleza, kwa sababu sijawahi kuwa hodari wa kunyamaza mbele yake. Nilimweleza chekeche, sukari, msichana, kambi, yote. Aliendelea kupaka chokaa mpaka nilipofika mwisho.

"Kalenga," akasema, "weye unataka turudie kwetu na shaba ya chekeche? Na siku batachimba, bakosa, bataulizia nani?"

Nikamwambia kwamba watu wa kampuni wana wataalamu wao.

"Bataulizia ule mwenye alisema iko. Mbele ya mama yako." Akanipa brashi ya kusugulia. "Anza kule mwisho."

Sitawadanganya kwamba nilishinda majaribu. Nilimwogopa mke wangu, na niliogopa zaidi ile picha ya watu wa kijiji chetu wamezunguka shimo tupu, mama yangu akiwa kati yao, wananisubiri nieleze.

Asubuhi yake nilimleta Achieng' mpaka Sydenham. Hakuuliza kwa nini sikusema siku iliyotangulia. Aliona mawe, akaona namba ya kwanza chini ya chokaa niliyokwisha kuiosha, akakaa kwenye majani na nguo yake nzuri, akaanza kulia, huku anasugua. Tulisugua sote watatu. Mawe machache yalikuwa yamepoteza namba kabisa, hayo tukayaacha yaendelee kulinda matembele. Yaliyobaki yalitosha. Ilikuwa mara ya kwanza usafi wangu kumfaa mtu, na hata siku hiyo Mama Odette alisema nasugua vibaya.

Tukayakata kwa msumeno, tukang'arisha vipande vizima, na chekeche haikukaribia hata mlango. Niliwaangalia wakipima. Kloraiti ya juu ya kilima ilikuwa na chuma kingi, magnesiamu kidogo. Ya chini vile vile. Ya upande wa mashariki, wa magharibi, vile vile. Shaba ilikuwa kidogo sana, kama ile inayopatikana kwenye jiwe lolote la barabarani. Maji ya moto hayakupita kwetu.

Kampuni ilifunga mafaili yake na kwenda kutafuta kwingine. Achieng' aliandika kwamba kilima hakina kitu, na akaeleza kwa nini, na sura nzima ikahusu jinsi ya kumtambua muongo kwa kuifuata zinki. Walimu wake waliipenda sura hiyo kuliko zote. Alipata shahada yake. Siku hizi anafundisha kwao, na nasikia mwaka wa kwanza huwapa wanafunzi bakuli la sukari. Dokta Shireen hakunifukuza. Alinunua chekeche za nailoni, akaitundika moja ya zile za zamani ukutani, mbele ya kiti changu, inang'aa. Nilifanya kazi chini yake mpaka nilipostaafu.

Kwa hiyo mkienda kwenye maabara yoyote inayotafuta shaba, kabla ya kuangalia mashine kubwa, angalieni chekeche ni za nini. Na mkiona kitu mnachokitaka sana kinatokea kila mnapogusa, nuseni vidole vyenu kwanza.

Lilibaki jambo moja, nalo ndilo lililonishinda kwa wiki kadhaa: kumpigia Faustin. Nilikuwa naona ni afadhali simu ipotee. Mwishowe nilimpigia siku ya Jumamosi, nikamweleza kila kitu kwa mkato, hakuna shaba, hakuna kambi, hakuna kazi, amwombe mama radhi, siji tena.

"Yaya," akasema, maana kwetu ndivyo mdogo anavyomwita kaka yake mkubwa, "mama anauliza kila siku kama utakuya. Hayauliza hata siku moja kama kuko shaba."

Nilikwenda kabla ya mvua. Mama Odette alinifungia nguo, na yule mama wa friji alikuja kuniaga akiwa na huzuni ambayo nilijua haikuwa yangu. Nilifika Likasi, nikaendelea mpaka kijijini, nikapita nyuma ya mashamba, nikakitazama Kilima cha Upara, kimekaa pale pale na majani yake, hakina habari na mimi.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda kivulini mwa nyumba. Macho yake yalikuwa hayaoni vizuri tena. Alinishika mikono yote miwili, akaigeuza, akapapasa viganja, kisha akaniuliza ni kazi gani hasa nilikuwa naifanya huko miaka yote hiyo. Nikaketi chini, nikamweleza kwa utaratibu. Nikaanza na kusaga, nikaja kwenye kuchekecha, nikaja kwenye chekeche zenyewe, jinsi nilivyozisugua kwa ndimu na majivu, kila jioni, mpaka zikang'aa. Alisikiliza kwa makini sana, anatikisa kichwa.

"Basi, mwanangu," akasema, "ulikuwa unaosha byombo."

Nilitaka kumweleza habari za magnesiamu. Lakini alikuwa bado ameshika mikono yangu, na hakuonyesha dalili ya kuiachia, basi nikamjibu ndiyo mama, nilikuwa naosha vyombo.